Wote Green Park: Rada Yote ya Bustani ya Makueni, na Kwa Nini Hiyo Nyasi Ni Yako

Uliza msee yeyote wa Nairobi Makueni kuna nini, atakuambia maembe, jua na ocha ya kina Mutua. Fiti, maembe iko na jua haijawahi kosa. Lakini pale Wote, makao makuu ya kaunti, kuna kitu miji mikubwa mingi ya Kenya bado inatafuta: bustani ya umma katikati ya mji, imejengwa na kaunti, na mtu wa kawaida anaweza ingia akakaa. Jina rasmi ni Wote Green Public Park. Wenyeji wanaiita tu Green Park.

Usicheke, kukaa si jambo dogo. Fikiria mji wako. Ukikaa kwa hoteli, weita anakuja kuuliza unakula nini. Ukikaa kwa veranda ya duka, mwenye duka anakuangalia ni kama umebeba kitu yake. Ukisimama kona na mbogi yako ya watu watano, karao akipita lazima aulize mnangoja nani. Kama huna ganji, mji wote unakuambia songa. Bustani ya umma ndio place moja hakuna mtu anakuuliza umenunua nini.

Sasa hii hapa ndio rada kamili: vile unafika, kuna nini, ni nini hufanyika, hiyo ardhi imetoka wapi, Kitui nao wako na nini, na cha muhimu zaidi, vile unaweza hakikisha haijapotea.

KUFIKA

Kutoka Nairobi unashika mathree ya Wote. Inatoka na Mombasa Road hadi Kyumvi, pale wengi wanaita Machakos Junction, inapinda Machakos halafu inashuka na barabara ya Machakos–Wote. Ni safari ya kama masaa mawili hadi matatu, ikitegemea jam ya Mlolongo na mguu wa dere. Ukitoka upande wa Mombasa, shukia Makindu uchukue gari za Wote, kuna lami.

Ukishafika Wote hauhitaji ramani. Mji si mkubwa, na mtu wa nduthi yeyote ukimwambia Green Park anajua. Skiza bei kwanza kabla hujapanda, kama kawaida.

NDANI KUNA NINI

Hii si mbuga ya wanyama, usikuje ukitafuta simba. Ni bustani ya mji: nyasi, miti, maua, njia za kutembea, viti, sehemu ya watoi kucheza, na mahali pa matukio ambapo umati unaweza kusanyika. Ilijengwa enzi ya Profesa Kivutha Kibwana, gavana wa kwanza wa Makueni, aliyekaa ofisini kutoka 2013 hadi 2022. Aliyemrithi ni Mutula Kilonzo Junior.

Vitu vichache vya kuweka kwa kichwa kabla uende:

Saa. Wote iko chini na kuna joto. Saa saba mchana utachomeka. Enda asubuhi mapema ama kuanzia saa kumi jioni, jua likianza kutulia na upepo ukianza kuingia. Hiyo pia ndio mwanga mzuri wa kupiga picha.

Msimu. Ukambani iko na mvua mbili: ya Machi hadi Mei, na ya Oktoba hadi Desemba. Hii ya pili ndio wakulima wengi huku hutegemea zaidi. Ukienda Desemba utapata mji ni kijani na maembe zimeanza kumwagika sokoni. Ukienda Septemba utapata vumbi, na hapo ndio utaelewa kwa nini nyasi hai katikati ya Wote ni habari. Kuweka bustani kijani sehemu kame inataka maji, na maji huku ni kitu watu wamelilia miaka mingi.

Dishi. Usiondoke Wote bila kumanga muthokoi. Ni mahindi imetwangwa ikatolewa ngozi, halafu ikapikwa na maharagwe ama pojo. Hoteli za kawaida za mji ziko nayo. Si ya kupiga luku, ni ya kushiba.

Intaneti. Beba bando zako. Ukipata ya bure, hiyo ni zawadi tu, usiipangie kazi.

Takataka. Beba yako hadi kwa pipa. Si story ya kuhubiri. Kila shilingi kaunti inatumia kuokota chupa ni shilingi haijaenda kwa kurekebisha bembea ya watoi.

FORM ZA BUSTANI

Matumizi ya bustani kama hii yamegawanyika mara tatu, na ni poa ujue yako iko wapi.

Ya kwanza ni ya kila siku: kutembea, kukaa, kusoma, kupiga story, kuleta watoi wacheze, kufanya mazoezi. Hii haihitaji barua ya mtu.

Ya pili ni ya mbogi ndogo: kikundi cha densi kinafanya mazoezi, kwaya ya kanisa, chama ya kina mathe, wasee wa mashairi, wanafunzi wa kidato cha nne wakijadili hesabu. Hapa pia mara nyingi hakuna shida mradi hamjafungia wengine njia na hamjaleta spika za kutingisha mji. Ukitaka stima ama kuweka hema, hapo ongea na wasimamizi kwanza.

Ya tatu ni ya matukio makubwa: mkutano wa hadhara, tamasha, shoo ya benga ya Kikamba, kampeni, video ya biashara. Hii inataka ruhusa ya maandishi. Na shika hii: ada yoyote kaunti inakutoza lazima iwe imeandikwa kwa sheria, kawaida Sheria ya Fedha ya kaunti ya mwaka huo. Mtu akikuambia bei kwa mdomo tu na anataka utume kwa namba yake, omba risiti. Akikosa risiti, hiyo si ada.

Kwa michezo, bustani si uwanja wa mpira. Kama wewe ni wa mpira, Makueni iko na Ligi Mashinani, shindano la kaunti linaloanzia huko chini kwa wadi. Kuna pia michezo ya KYISA ambayo inaleta vijana wa kaunti mbalimbali pamoja. Ukitaka kuingia timu, pa kuanzia ni kwa ofisi ya vijana na michezo ya wadi yako, si Wote.

KABLA YA BUSTANI KULIKUWA NA THOME

Usidhani wazo la kukaa pamoja bure lililetwa na kaunti. Wakamba walikuwa na thome. Thome ni uwanja mbele ya boma, mahali wazee walikuwa wanakaa jioni na moto, kesi zinasikizwa, mgeni anapokelewa, vijana wanaskiza na kufundishwa. Haukuwa unalipia kiti.

Kulikuwa pia na ithembo, wingi wake mathembo. Hapa ni mahali patakatifu, mara nyingi chini ya mti mkubwa wa mumo, mahali watu walitoa sadaka na kuomba mvua. Miti ya ithembo haikatwi. Hakukuwa na ukuta wala askari wa mlangoni, na bado miti ilibaki imesimama kwa sababu kila mtu alijua ni ya nani: ya wote. Wakati wa kuomba mvua ndio pia ngoma ya kilumi ilikuwa inachezwa, na ngoma zile ndefu, na kina mama wazee ndio walikuwa mbele.

VIFARU 1,000 NA ARDHI YA KUKAA

Hapa ndio story inakuwa nzito.

Wakoloni walipochora mipaka, Wakamba walisukumwa kwa hifadhi ya Ukamba na ardhi nzuri ikaenda kwa masetla. Watu na ng'ombe wakajaa mahali padogo, udongo ukaanza kuisha. Badala ya kurudisha ardhi, serikali ikasema shida ni ng'ombe. Mwaka 1938 ikaanza kuchukua mifugo ya watu kwa nguvu na kuiuza bei ya kutupa. Wakati huo Makueni ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Machakos.

Watu walikataa. Wakiongozwa na Muindi Mbingu, maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake, walitoka hadi Nairobi wakaenda kumuona gavana. Walikaa huko wiki kadhaa. Hawakuchoma kitu, walikaa tu chini wakangoja. Muindi Mbingu alishikwa akapelekwa Lamu, lakini serikali mwishowe ililegeza huo mpango wa kuchukua ng'ombe kwa nguvu. Barabara ya Muindi Mbingu pale katikati ya Nairobi, ile inapita karibu na City Market na Jeevanjee, imepewa jina lake. Wengi tunapita hapo kila siku na hatujui.

Vita vya Pili vya Dunia vikikaribia kuisha, serikali ikaja na mpango mwingine: kuhamisha watu kutoka sehemu zilizojaa hadi Makueni, ambayo wakati huo ilikuwa kichaka cha mbung'o na vifaru. Ili kusafisha, ikaleta mwindaji Mskoti aitwaye J. A. Hunter. Kati ya 1944 na 1946 alipiga risasi karibu vifaru 1,000 eneo la Makueni. Soma hiyo tena. Vifaru elfu moja, miaka kama miwili. Hii si uvumi ya mtaani, Hunter mwenyewe aliiandika kwa kitabu chake kilichotoka 1952.

Halafu waliokubali kuhamia wakapewa masharti: idadi ya mifugo imepimwa, matuta lazima uchimbe, utaishi vile umeambiwa. Wengi walishuku ni njia nyingine ya kuwanyang'anya ardhi, na mwanzoni waliojitokeza walikuwa wachache.

Kwa hivyo ukikaa Makueni leo, jua kuna watu walikataa kusukumwa, kuna wanyama walimalizwa, na kuna wazee walichimba matuta kwa mkono ndio hii sehemu iwe ya kuishi. Makueni ikawa wilaya yake 1992, ikawa kaunti baada ya Katiba ya 2010. Hata hiyo kaunti karibu ivunjwe: gavana na wajumbe wa bunge la kaunti walizozana juu ya bajeti hadi 2015 tume ya wakili Mohammed Nyaoga ikapendekeza isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta alikataa, kaunti ikabaki. Miaka sita baadaye, Novemba 2021, Wote ndio ilikuwa mwenyeji wa Kongamano la Ugatuzi la Kenya nzima.

KITUI NAO JE?

Kitui ni jirani, ni Wakamba hao hao, lakini raha zao za nje zimekaa tofauti. Hapa mambo haijakusanyika mahali moja, imetawanyika.

Kalundu. Hii ni bwawa iko pembeni ya mji wa Kitui, kwa mto Kalundu. Kaunti imekuwa ikiiendeleza kama bustani ya mazingira, mahali pa kutembea kando ya maji. Kwa mji wa sehemu kame, kuona maji yamekaa tu ni burudani tosha. Adui wake mkubwa ni mchanga na udongo unaoletwa na mto, na hiyo inaanzia kwa mashamba na miti iliyokatwa huko juu. Bwawa kama hili haliwezi okolewa na ukuta tu.

Ithookwe. Ndio uwanja mkuu wa Kitui. Tarehe 20 Oktoba 2025 sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika hapa, siku chache tu baada ya kifo cha Raila Odinga, na uwanja ulikuwa umerekebishwa kwa ajili ya hiyo siku. Swali la wasee wa Kitui sasa ni moja: je, timu za mtaa zitautumia, ama utangoja rais mwingine akuje?

Nzambani. Mwamba mkubwa nje kidogo ya mji, upande wa Chuluni. Kuna ngazi za chuma za kupanda hadi juu, na ukifika unaona Kitui imelala chini yako. Wazee wanasema ukizunguka huo mwamba mara saba, mwanaume anageuka mwanamke na mwanamke anageuka mwanaume. Wengi huhesabu hadi sita halafu wanakumbuka wako na haraka. Beba mapeni za kiingilio na viatu za kushika.

Mutomo. Ukiwa na siku nzima, shuka Kitui Kusini hadi Mutomo uone bustani ya wanyama watambaao. Nyoka ziko, mamba ziko. Siku hizi kuna lami ya Kibwezi–Mutomo–Kitui, kwa hivyo safari si mateso.

Na ukiwa Kitui kumbuka Kivoi Mwendwa. Huyu alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa misafara hadi pwani. Mwaka 1849 alimkaribisha mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf, na ni kutoka huku Kitui, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf aliuona Mlima Kenya. Vitabu vya Ulaya vikaandika ni yeye Mzungu wa kwanza kuuona. Kivoi na watu wake walikuwa wanauona kila asubuhi mawingu yakikubali. Kivoi aliuawa 1851 akiwa safarini na Krapf upande wa Tana.

NI YA NANI KISHERIA?

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, inasema wazi kazi ya kaunti ni pamoja na bustani za kaunti, fuo na vifaa vya burudani. Iko kwa orodha moja na maktaba, makavazi na michezo. Kwa hivyo gavana akifungua bustani, hajakuletea zawadi. Amefanya kazi aliyoandikiwa, kwa ushuru wako.

Na kwa nini ujali kama tayari imejengwa? Kwa sababu Kenya tunajua vile ardhi ya umma hupotea. Uhuru Park, Nairobi, 1989: serikali na chama tawala walitaka kuweka jengo la orofa 60 hapo katikati ya nyasi. Wangari Maathai aliandika barua, akaenda kortini, akatukanwa bungeni. Wafadhili wakaondoka, jengo halikujengwa. Miaka kumi baadaye, 1999, alikuwa Karura akipigania msitu na akapigwa hadi damu. Ukienda Karura leo kukimbia, unakimbia kwa sababu kuna mtu alikaa ngumu.

Bustani ya mji mdogo haipoteangi kwa tingatinga mara moja. Kwanza taa zinaungua na hazibadilishwi. Halafu bembea inavunjika. Halafu maji yanakatwa, nyasi inakauka, na watu wanaacha kuja. Halafu kona moja inapewa mtu aweke kibanda, kona nyingine inakuwa maegesho. Siku mtu akisema hii nafasi haitumiki, tuitafutie kazi nyingine, hakuna wa kubisha kwa sababu kweli haitumiki.

VILE UNAILINDA BILA KUWA MWANAHARAKATI

Itumie. Hii ndio silaha ya kwanza. Nafasi iliyojaa watoi na kina nyanya ni ngumu kuguswa.

Jua tarehe za pesa. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa kaunti unafika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Karatasi ya mikakati ya fedha, kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti, kufikia Aprili 30. Ukienda kulia Julai kwamba bustani haina taa, umechelewa, pesa zishagawanywa. Enda mkutano wa maoni kabla.

Makueni iko na faida hapa. Tangu enzi ya Kibwana, maoni ya wananchi huanzia kijijini, yanapanda hadi wadi, kaunti ndogo na kaunti. Shida ni kwamba hizo mikutano hujaa wazee na kina mathe, na vijana tunakosa. Halafu tunashangaa mbona kila mwaka ni birika za maji na hakuna uwanja wa skating. Wazee hawajakosea, waliokuwa kwa mkutano ndio walisema shida zao.

Omba karatasi. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuuliza ofisi ya umma: bustani ilitengewa pesa ngapi mwaka huu? Nani amepewa kandarasi ya kuitunza? Andika barua, weka tarehe, baki na nakala. Wanafaa kukujibu ndani ya siku 21.

Fanyeni mwethya. Hii ni desturi ya Kikamba ya kufanya kazi pamoja. Matuta mengi ya Ukambani yalichimbwa na mwethya. Mbogi ya watu kumi, Jumamosi moja kwa mwezi, mnamwagilia miti na kuokota takataka. Waambieni ofisi ya manispaa kabla, mpige picha, muweke mtandaoni. Mkienda kwa mkutano wa bajeti baada ya miezi sita ya kufanya hivyo, hakuna afisa atawaambia hamjui bustani inahitaji nini.

Hiyo ndio rada. Ukishuka Wote wikendi hii, fika saa kumi jioni, beba maji, tafuta kiti chini ya kivuli. Mzee akikuja kukaa kando yako, msalimie vizuri na umuulize hapo palikuwa nini kabla. Akimaliza kukuambia, sema ni muvea, na umsongee kidogo, hicho kiti ni chenu wawili.